Mwaka wa Bwana Vichwa

Salehe Mkalimani alizikwa Mlandizi Jumatatu iliyopita, baada ya adhuhuri, nami nilikuwapo. Wanawe waliniuliza mimi ni nani kwao. Nikasema tuliwahi kufanya kazi nyumba moja na marehemu, zamani sana, wakanitandikia mkeka na kuniletea chai. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimekaa ndani ya chumba chake, yeye kalala kitandani, kakonda mpaka vifundo vya mikono vimemtoka, ananiomba radhi. Nilidhani ananiomba radhi kwa sababu ndiye aliyemwonyesha Mzungu kaburi la mume wangu. Hilo nililijua siku nyingi na nilikwisha kulisamehe. Akatikisa kichwa. "Si hilo, Bi Tatu," akasema. "Yale mafuvu mawili uliyoyachukua Kisarawe, hakuna hata moja lililokuwa la Ramadhani. La Ramadhani lilikwisha ondoka wiki mbili nyuma, kwenye masanduku ya mwanzo, likapelekwa Dar es Salaam kupakiwa melini." Nikamwuliza mbona hakuniambia siku ileile. Akasema, "Nilikuja kukuambia. Nilipofungua mlango nikakukuta umeyapakata yote mawili kama watoto mapacha. Nikashindwa." Nilimwambia nimemsamehe. Sijui kama nilisema kweli. Nilirudi nyumbani, na tangu siku hiyo mwaka ule wote umenirudia, chumba kwa chumba, sufuria kwa sufuria, na kila ninachokikumbuka kimegeuka. Ndiyo maana nauandika. Kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, pamoja na wanawake wenzangu wa makamo. Lakini mwaka ule sikujua hata tarakimu moja, na hilo msomaji alikumbuke.

Sitaanza na kwetu wala na utoto wangu. Naanza na chumba. Kilikuwa chumba kimoja katika nyumba ndefu ya udongo, kambi ya wakata mkonge, upande wa Kibaha ng'ambo ya Mlandizi, miaka kadhaa kabla ya vita ya pili ya Wazungu. Nyumba ile iligawanywa vyumba kumi kwa kuta zisizofika juu, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha mwisho, wote tulijua ni nani. Hewa ilikuwa ya mkonge uliooza, harufu inayoingia hata kwenye unga. Mle ndani tulikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati, mtungi, na kinu nilichokiweka nje nikikichunga kama kuku. Mume wangu, Ramadhani, alikuwa anarudi mchana mikono imechomwa na miiba ya mkonge, anakaa kizingitini nimtoe miiba kwa sindano, huku ananihadithia yaliyotokea shambani na kuwaigiza wanyapara mpaka majirani wanacheka juu ya ukuta. Nilikuwa na miaka ishirini. Tulikuwa tumekaa pamoja miaka miwili. Kwenye paji lake la uso, kutoka katikati ya nyusi kupanda mpaka penye nywele, palikuwa na tuta jembamba, lililonyooka, kama mahali kibuyu kilipopasuka kikashonwa. Mama yake, Bi Mwanahawa, alikuwa ananiambia mtoto huyu utosi wake ulichelewa kufunga, na alimpaka mafuta ya nazi kila siku akiogopa kichwa kitafunguka. Mimi nililipenda lile tuta. Akilala baada ya chakula cha mchana nilikuwa nalipitisha kidole juu yake, polepole, toka chini kwenda juu.

Masika yalipokwisha akaja Mzungu mmoja mwembamba, si wa shamba, si wa serikali, na hatukuwahi kujua barabara alitumwa na nani. Akawekewa meza kwenye ukumbi wa ofisi ya shamba. Wafanyakazi wakapangwa mistari kwa makabila: Wazaramo huku, Wakwere kule, Wanyamwezi, Wangoni, Wamakonde. Alikuwa na koleo la chuma lenye mikono iliyopinda kama ya kaa, analibana juu ya masikio ya mtu, kisha mbele na nyuma, anasoma, na karani wake anaandika kwenye daftari kubwa. Karani ndiye alikuwa pia mkalimani: Salehe, kijana mwenyeji wa Mlandizi, shati jeupe, kofia ya darizi, sauti ya chini. Siku ya pili tu watu walikwisha mpa Mzungu jina la Bwana Vichwa. Siku ya tatu waliitwa wanawake, nami nikabanwa koleo. Chuma kilikuwa cha baridi. Salehe aliniuliza jina, kabila, mama yangu wa wapi, akaandika bila kuniangalia usoni, nami nikamshukuru moyoni kwa kutoniangalia.

Ramadhani ndiye aliyeleta kelele. Bwana Vichwa alipompitisha kidole gumba kwenye paji la uso, alisimama. Akapitisha tena. Akamgeuza kwenye mwanga, akampima mara tatu, akasema maneno mengi ya haraka.

"Bwana anauliza mama yako ni mtu wa wapi," Salehe akasema.

"Kurui."

"Na mama yake mama?"

"Kurui vilevile."

"Anauliza hakuna Mwarabu kwenye ukoo? Hakuna Mzungu?"

Mistari yote ikacheka. Ramadhani akasema, "Mwambie Mzungu wa kwanza kunishika kichwa ni yeye." Wakacheka zaidi. Bwana Vichwa hakucheka. Salehe akaeleza kwamba kila mtoto huzaliwa na mshono katikati ya paji la uso, kisha mfupa huungana. Wengine wachache haufungi mpaka wanazeeka. Bwana ameuona kwa Wazungu wengi, lakini kwa watu weusi anasema ni nadra, na anataka kujua umefikaje hapa.

"Umefikaje?" Ramadhani akasema. "Nimezaliwa nao. Kwani yeye pua yake imefikaje?"

Mchana ule nilipika ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Alikaa kitandani akavimbisha mashavu, akasema, "Leo mimi Mzungu. Lete nyama." Nikamwambia, "Nyama hakuna, Bwana Mzungu, kuna kisamvu." Jirani juu ya ukuta akadakia, "Mpe na ukoko, Wazungu wanapenda ukoko!" Tulicheka mpaka machozi. Sikujua kwamba kwenye daftari lile, mbele ya jina la mume wangu, Bwana Vichwa alikuwa amechora mstari kwa wino mwekundu. Hayo Salehe aliniambia baadaye.

Haukupita mwezi. Ramadhani alirudi siku moja kabla ya saa sita, akasema viungo vinamuuma, akalala. Siku ya pili mkojo wake ukatoka mweusi kama kahawa. Wanaume wa kambi walipouona wakaangaliana, wakatoka nje, nikasikia mmoja anasema kwa sauti ndogo, "Huyo basi." Nilimkanda maji, nilimpa uji akautapika, nilimpa maji akayatapika. Siku ya tatu, kabla ya alasiri, alinishika mkono akaniuliza kama nimeutoa mpini wa jembe juani. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Wakamzika jioni ileile kwenye makaburi ya wafanyakazi, ukingoni mwa shamba, na asubuhi yake nikafunga sanduku la bati nikapelekwa Kurui kwa mama mkwe wangu kukaa eda.

Chumba cha eda kilikuwa cha nyuma, kimetenganishwa na ukumbi kwa ukuta wa fito uliokandikwa udongo mwembamba. Nilivaa kaniki, nilikaa juu ya mkeka, sikutoka isipokuwa uani. Mama Mwanahawa alikuwa ananiletea chakula mwenyewe, muhogo wa kuchemsha, mbaazi, wakati mwingine samaki mkavu, naye anakaa tunakula pamoja bila maneno. Macho yake yalikwisha anza kuingia ukungu, ananipapasa bega kujua nimekaa wapi. Ilikuwa kama siku ya arobaini na tano, yeye yuko uani anakuna nazi, nami nasikia mbuzi inakwaruza, pale alipokuja mtu kutoka kambini kumwona Mzee Pazi, mdogo wa baba yake Ramadhani. Walikaa barazani. Yule mtu alisema kaburi limetitia, udongo wake mpya, na watu wanasema. Mzee Pazi hakumwuliza wanasema nini. Aliondoka naye saa ileile.

Alirudi baada ya siku mbili. Nilisikia anavua viatu, anaomba maji, anakunywa, anaomba tena. Wazee wengine wawili walikuwa wamemsubiri. "Tumefukua," akasema. "Mwili upo. Sanda ipo. Kichwa hakipo." Mmoja akasema Lailaha ilallah. Uani mbuzi ilikuwa inakuna nazi, ikanyamaza. Sikujua mpaka hapo kwamba sauti inafika uani. Nilingoja ianze tena. Haikuanza. Nilipotoka nilimkuta Mama Mwanahawa amekaa palepale juu ya mbuzi, kifuu mkononi, maji ya nazi yanamtiririka kwenye kiganja mpaka kiwikoni.

Mzee Pazi alikwenda kwa jumbe. Nilihadithiwa, kisha nikayasikia mwenyewe jumbe alipokuja kutoa pole. Jumbe alisema ni fisi. "Fisi afunue sanda," Mzee Pazi akasema, "achukue kichwa tu, kisha aifunge sanda na kufukia?" Jumbe akasema, "Mzee Pazi, unataka nikaseme nini bomani? Kwamba Mzungu kaiba kichwa cha maiti? Nani kaona? Wewe umeona?" Mzee Pazi alijibu kwamba watu wa kambi wameona taa na majembe, na karani yule wa Mlandizi alikuwapo. "Waje waseme," jumbe akasema. Watu wa kambi hawakuja. Wangekuja vipi, nao wanakula kwa mkono wa shamba lile?

Mama Mwanahawa aliacha kula. Hakutangaza. Alikuwa ananiletea chakula kama kawaida, anakaa, ananiambia, "Kula mwanangu," na yeye anamega tonge analishika mpaka linapoa. Baada ya wiki mbili akawa hawezi kusimama bila kushika ukuta. Nilimpikia uji wa mtama, wa mchele, nikautia tui, akagusa kwa ulimi akaweka chini. Mzee Pazi akamjia na maneno ya dini, kwamba Mungu anajua kila mfupa ulipo, siku ya kiyama ataukusanya hata kama uko chini ya bahari. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hayo nayajua, shemeji. Lakini mimi nilimzaa ana kichwa." Kisha akaugeukia ukuta. Niliona namna mbavu zake zilivyokuwa zinapanda na kushuka chini ya kanga, nikajua nitazika watu wawili mwaka mmoja.

Eda yangu ilikuwa imebaki zaidi ya mwezi. Nilikwenda kitandani kwake alfajiri nikamwambia, "Mama, nakwenda kumtafuta." Hakuniuliza wapi. Ilikwisha julikana kwamba Bwana Vichwa amehama shambani, amepanga nyumba Kisarawe, mlimani. Alinitazama kwa yale macho ya ukungu, akasema, "Ukivunja eda, dhambi iwe yangu." Nikavua kaniki, nikavaa kanga yake. Wanawake wa Kurui waliponiona njiani waliweka mkono mdomoni. Nilipita.

Nyumba ile ilikuwa ya mabati, na ukumbi mpana mbele, jiko limetengwa nyuma, na kati ya jiko na nyumba palikuwa na ghala la mawe lenye dirisha dogo juu na kufuli. Mpishi alikuwa anahitaji mtu wa kuteka maji na kufua. Nilisema naitwa Zena, mtu wa Kibuta, mume wangu kaniacha. Salehe alitoka na daftari kuandika jina langu, akainua macho, safari hii akaniangalia usoni. Mkono wake ulisimama juu ya karatasi. "Zena," akasema, kama mtu anayeonja kitu. Akaandika Zena. Mchana kutwa niliteka maji, nikingoja aniite kwa Bwana. Hakuniita.

Siku ya nne mpishi alinionyesha pipa la chuma nyuma ya ghala, akaniambia nilisugue kwa mchanga na majivu. Yeye mwenyewe alisimama mbali, amejifunika pua. Ndani ya pipa kulikuwa na utando mweupe uliogandia ukutani, na kwenye ukingo, nywele. Nilijua ni pipa la kuchemshia nini. Nilisugua. Sikulia, kwa kuwa ningelia wangeniuliza. Nilipomaliza nilikwenda nyuma ya migomba nikatapika mpaka ikabaki nyongo, nikarudi nikafua mashati ya Bwana. Kwa miaka zaidi ya hamsini nimeliogopa lile pipa katika ndoto. Sasa Salehe ameniambia kwamba siku ile kichwa cha Ramadhani kilikuwa bado kimo ndani ya ghala, na kwamba kilikuwa kimepita kwenye pipa lile. Basi kwa mwaka wote ule, hakuna kitu nilichokishika kilichokuwa karibu naye kuliko hicho.

Na kuna la zaidi. Wiki iliyofuata walikuja wapagazi sita, wakatoa ghalani masanduku matatu yaliyopigiliwa misumari, wakayapakia kwenye lori. Jua lilikuwa kali. Mpishi akaniambia niwapelekee maji. Niliwapelekea. Mmoja alikalia sanduku akanywa kata mbili, akanirudishia kata, akasema, "Ahsante dada." Nilisimama kiasi cha mkono mmoja kutoka kwenye lile sanduku, nikijiambia kwamba vyombo hivyo ni vya Bwana, ninachokitafuta mimi kimo ghalani. Nilikuwa natazama mlango wa ghala. Nasikitika mpaka leo kwamba nilikuwa natazama mlango.

Salehe alikuwa anakula uani pamoja nasi, ugali na dagaa, na mara nyingine mpishi alikuwa anamchokoza aeleze kazi ya Bwana. Siku moja alisema, "Anataka kujua watu wa wapi wana vichwa vya namna gani."

"Akishajua?" mpishi akauliza.

"Ataandika kitabu."

"Akishaandika?"

Salehe akachovya tonge. "Vipimo vyenyewe havimtii. Jana tumepima ndugu wawili wa Kibuta, baba mmoja, mama mmoja. Mmoja kichwa kirefu, mwingine cha mviringo kama nazi. Bwana kakasirika, anasema mmoja wao kadanganya juu ya baba yake. Tumepima Wazaramo mpaka daftari limejaa, kila mmoja na kichwa chake. Wakwere vilevile. Usiku anakaa anajumlisha, anagawanya, asubuhi ananiambia tuongeze." Aliponiona namsikiliza aliacha kula, akainuka akaenda kunawa.

Siku yangu ilikuwa Alhamisi. Bwana Vichwa aliondoka mapema na Salehe na wapagazi kwenda kupima upande wa Kibuta, mpishi akashuka sokoni. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa ukumbi. Nilifungua ghala nikaingia, nikaurudishia mlango. Nilikuwa nimejiandaa kuona kichwa kimoja, pengine viwili. Vilikuwa vingi. Vilipangwa kwenye mbao, safu juu ya safu, juu ya nyasi kavu, kila kimoja kimeandikwa wino kwenye paji la uso, na vyote vimetazama mlangoni. Kinywa changu chenyewe kikasema, "Asalaam alaikum," kama tunavyosema tuingiapo makaburini. Kisha nikaanza kuwashika mmoja mmoja. Nilikuwa nawapitisha kidole toka chini kwenda juu. Laini. Laini. Mwingine alikuwa na tundu la risasi. Mwingine mdogo, mtoto, huyo sikumshika. Kwenye safu ya pili kidole changu kikapita juu ya mshono. Ulikuwa umepanda moja kwa moja, umejipindapinda kama mto unavyoonekana toka mlimani. Nikakaa chini. Nikamweka kifuani nikamwita kwa jina. Sijui nilikaa muda gani. Nilipoinuka kwenda zangu, kwenye safu ya chini, mwanga wa dirisha umeangukia, nikaona fuvu jingine lenye mshono uleule.

Nimewahi kuzika watoto wangu wawili tangu hapo, nimezika na mume wa pili. Lakini sijawahi kuwa chini kama nilivyokuwa dakika ile. Nililitoa, nikayaweka mafuvu pamoja mapajani. Moja kubwa kidogo, jingine limepungukiwa meno mawili, lakini hata mimi nilijua meno hudondoka. Nililala kando ya kichwa kile miaka miwili, nilikinyoa nywele, nilikikanda maji mpaka pumzi ya mwisho, na bila nyama yake sikukijua. Niliyapima kwa viganja. Niliyanusa. Niliyauliza. Hapo mlango ukalia, ukafunguka, na Salehe akasimama, vumbi la njia miguuni. Alikuwa amemwambia Bwana amesahau daftari.

"Zena," akasema. Kisha akasema, "Tatu."

Nikamwambia, "Karani, lipi lake? Wewe unajua kusoma. Nisomee."

Aliangalia wino wa kwanza, akaangalia wa pili. Nilikuwa nimeyainua yote mawili kuelekea kwake, mikono imenyooka. Sasa najua ni nini alichokisoma: moja lilikuwa la mtu wa Magindu, jingine lililetwa na wapagazi kutoka mahali ambapo hata yeye hakuambiwa. "Chukua yote mawili," akasema. "Pita nyuma ya jiko. Usipite barabarani."

Niliyatia kwenye tenga, nikafunika kwa majani ya muhogo, nikajitwika. Njiani mvua ilinikamata, nikaingia nyumba ya watu nisiowajua, wakanipisha karibu na moto na kunipa magimbi. Mwenye nyumba aliuliza nimebeba nini. Nikasema mbegu. Akaniuliza mbona natetemeka, nikasema mvua. Nilikula magimbi yao na mkono mmoja juu ya tenga.

Kurui nilifika siku ya pili mchana. Mama Mwanahawa alikuwa kalala ubavu, midomo imepasuka. Mzee Pazi alisimama mlangoni. Nilipiga magoti nikafunua majani, nikatoa lililokuja mkononi kwanza, nikampa. Alikaa mwenyewe, bila kushikwa. Akalipokea kwa viganja viwili, dole gumba lake likatafuta paji la uso, likaupata mshono, likapanda nao. Uso wake ulilegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. "Ndiye," akasema. "Huyu ndiye. Hapa ndipo nilipokuwa nampaka mafuta." Akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba. Mzee Pazi alitoka nje. Nikabaki na la pili mapajani, nikasema, "Mama, kuna na huyu. Sikuweza kuwatofautisha." Alinyoosha mkono akalishika, akalipapasa. "Huyo naye mtoto wa mtu," akasema. "Mzikeni naye."

Tuliwazika alasiri ile nyuma ya nyumba, kaburi moja, ndani ya kipande cha sanda kimoja, na Mzee Pazi akasoma. Mama Mwanahawa akanywa uji. Nilikuwa namnywesha kijiko kwa kijiko na kuhesabu kila alichomeza. Aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo, na kila Alhamisi alikuwa anapelekwa kwenye kaburi lile, anakaa upande mmoja, upande wa mwanawe. Alijua ni upande upi.

Wiki ya tatu habari zikafika kwamba Salehe kakamatwa, ameshtakiwa kwa kuiba mali ya Bwana Vichwa. Niliondoka bila kumwambia mama sababu, nikaenda Kisarawe, nikasimama na watu nje ya ukumbi wa kesi. Ndani niliiona nusu ya mgongo wa Salehe na shati lake jeupe limechanika bega. Bwana Vichwa alikuwa amekaa kitini na daftari mapajani. Hakimu akauliza, "Mafuvu mawili yako wapi?"

"Niliyaangusha yakavunjika," Salehe akasema. "Nikayatupa chooni."

"Nani alikusaidia?"

"Peke yangu."

"Yule mwanamke aliyetoroka siku ileile?"

"Yule aliogopa kazi tu. Hakujua lolote."

Hapo aligeuka, akaniona. Macho yetu yalikutana kwa muda wa kumeza mate. Maneno nilikuwa nayo, yalikuwa yamenifika kooni: mimi ndiye, niliyachukua mimi, mwacheni. Lakini nilijua nikisema hivyo askari watakwenda Kurui na majembe, watafukua nyuma ya nyumba, na mama yule ataugeukia ukuta tena, na safari hii hatageuka. Nikafunga mdomo. Nikaushika upindo wa kanga nikautia katikati ya meno. Alihukumiwa miezi sita na kazi ngumu, na kazi ya ukarani hakuipata tena mahali popote. Alilima Mlandizi mpaka uzee. Wiki tatu kabla ya maziko yake, kwenye chumba chake, yeye ndiye aliyeomba radhi. Mimi nilikuwa na la kuomba pia, na nililibeba mdomoni mpaka nikaaga. Nilisema nitarudi Ijumaa. Ijumaa alikuwa amekwisha kata kauli.

Siku ile ya hukumu nilirudi Kurui kwa miguu, bila kupumzika popote. Nilimkuta Mama Mwanahawa amekaa kizingitini, sahani ya muhogo wa nazi mbele yake, amekwisha kula nusu na nusu amenisogezea upande wangu. Alisikia nyayo zangu akainua uso.

"Ni wewe, mwanangu? Kisarawe kuna habari gani?"

"Hakuna habari, mama."

"Basi kaa ule, kitapoa."

Nikakaa, nikanawa, nikala.